Mahali pa Heshima kwenye Orodha

Saluni, tarehe 3 Machi

Fundi,

Umeondoka kama mvuke. Jumamosi nimekusubiri na taulo begani mpaka wateja wakaanza kuulizana kama nimefiwa. Ndipo Breki, yule dereva wa lori la saruji, akaniambia wamekuhamishia mlimani kujenga tangi la maji, na kwamba huko ukitaka mtandao wa simu unapanda juu ya mwamba na kunyoosha mkono kama anayeomba mvua. Haya basi. Kalamu haihitaji mwamba.

Tangu ulipoanza kujenga ile wodi mpya ng'ambo ya barabara nimekunyoa mimi. Umekaa kwenye kiti changu ukasikiliza nyimbo zangu za kantri bila kulalamika hata siku moja, na wewe ni mwanaume wa pili kuliweza hilo. Wa kwanza alikuwa baba yangu, dereva wa greda, aliyeniachia urithi wa kanda tatu na ubishi. Marehemu mume wangu alizivumilia tu, Mungu amrehemu. Akisikia gitaa limeanza kulia, alikwenda uani kuangalia kama nguo zimekauka.

Kwa hiyo utaratibu haubadiliki kwa sababu ya tangi. Kila mwanzo wa mwezi nachagua nyimbo saba ninazozipenda kuliko zote, nabandika orodha kwenye kioo, na mwezi mzima saluni inasikiliza hizo hizo, mtu apende asipende. Zimeimbwa kwa Kiingereza, lakini majina nimezipa mwenyewe kwa Kiswahili ili wateja wajue wanachokililia. Namba siweki. Nyimbo si wagonjwa wa kumsubiri daktari. Mwenye macho ataona ipi imekaa wapi.

Ndani ya bahasha kuna kadi ya memori. Orodha ya Machi ndiyo hii, kama ilivyo kiooni:

Buti za Marehemu
Lango Halina Kufuli
Kofia ya Baba Mkwe
Jumapili ya Mtu Mmoja
Barua Isiyo na Stempu
Farasi Kipofu
Mbwa Kabaki, Mke Kaondoka

Ukiipoteza kadi yangu, tafuta kinyozi mwingine.

Mama Wembe


Mlimani, tarehe 19 Machi

Mama Wembe,

Salamu zako zimefika, zimejaa vumbi la saruji lakini zimefika. Mimi ni mzima. Kadi nayo ni nzima. Nina redio ndogo ya mfukoni ambayo inazichanganya nyimbo kama karata, leo inaanza na hii, kesho na ile. Ndiyo maana karatasi yako nimeibandika ukutani juu ya kitanda, nijue mwenye orodha alikusudia nini.

Na umekusudia vizuri. Kumpa mbwa heshima ile! Mtu mwingine angeuona ule wimbo ni wa kuchekesha akautupa pembeni. Wewe umeuona. Mke kaondoka, gari kaondoka nalo, mbwa kabaki mlangoni anatikisa mkia. Mke wangu mimi hakuniacha, alifariki, na ni miaka sasa. Lakini siku niliyorudi kwenye nyumba tupu, aliyenipokea ni mbwa. Niliposikia wimbo huo huku mlimani nilikaa juu ya ndoo nikashindwa kuinuka. Wenzangu wakadhani ni mgongo.

Mpishi wetu wa kambi, mama mtu mzima asiyejua Kiingereza hata cha kuombea chumvi, aliuliza yule mwanaume redioni analia nini. Nikamtafsiria. Akasema, "Si mbwa kabaki? Ashukuru. Wengine hata mbwa anaondoka."

Huku wananiita Timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia ukuta, kwa sababu siwezi kupita ukuta uliopinda bila kuusemea. Nawe unaweza kuniita hivyo. Ndevu nimeziacha ziote. Shingo yangu siwezi kumkabidhi mtu nisiyemwamini.

Fundi Timazi


Saluni, tarehe 4 Aprili

Fundi Timazi,

Unanichokoza. Mimi nimemweka mbwa pale nilipomweka, wewe unanisifia kwa kumpa heshima? Nilimsomea binti yangu sehemu hiyo, huyu wangu anayesomea ujenzi wa barabara chuoni, alikuja kwa Jumapili moja. Akasema, "Mama, huyu mtu ana utani mkavu." Nikamwambia mkavu kama saruji yake.

Ila habari ya ndoo haikunichekesha. Pole sana, Fundi. Siku zote hizo kwenye kiti changu, na mimi nazungumza kama cherehani, hukuwahi kunigusia kwamba umefiwa na mke. Nimeusikiliza tena ule wimbo. Nilizima mashine katikati ya kichwa cha mwalimu mkuu, akakaa nusu amenyolewa nusu bado mpaka wimbo ukaisha. Mbwa atabaki pale pale alipo mwezi huu pia, kwa ajili yako.

Hapa kumekucha. Vijana wamefungua saluni upande wa pili wa barabara, wana spika mbili kubwa kama makabati. Ukipita pale meno yanacheza. Wateja wangu wawili wamehamia huko. Wa tatu alikuja kunishauri nibadilishe muziki niende na wakati. Nikamwambia kichwa ni chake, muziki ni wangu, na achague kipi anataka kuondoka nacho. Alikaa. Wiki iliyofuata nikamsikia anaimba kiitikio cha Kofia ya Baba Mkwe huku anatafuta chenji mfukoni. Sina wasiwasi. Spika hazinyoi.

Orodha ya Aprili iko nyuma ya karatasi hii.

Mama Wembe


Mlimani, tarehe 21 Aprili

Mama Wembe,

Nimegeuza karatasi nikamkuta mbwa palepale. Asante. Umenifanyia jambo kubwa kuliko unavyojua.

Orodha zako nimeanza kuzielewa. Hukimbilii raha. Unaanza na kilio, ukishakitandika vizuri ndipo unapanda taratibu, mpaka kule mwisho mtu anacheka. Ni kazi ya mtu mwenye akili. Mpishi naye amekuwa mfuasi. Juzi alimfukuza mpimaji jikoni kwa kusema kantri ni muziki wa watu wenye ng'ombe. Alimwambia, "Na wewe una nini?"

Mwezi Mei napewa likizo fupi, nashuka mjini. Nina jambo nililolinyamazia kwa adabu Jumamosi zote zile: mlango wa saluni yako unakwaruza kizingiti. Bawaba ya juu imelegea na kizingiti chenyewe kimeinuka upande mmoja. Naomba ruhusa nije na pima maji.

Timazi


Saluni, tarehe 6 Juni

Timazi,

Mlango unafunguka kwa kidole kimoja. Watu wanaingia hata kama hawana nywele za kunyoa, wanafungua, wanafunga, wanatikisa kichwa. Mwalimu mkuu aliniuliza nani kautengeneza. Nikasema fundi. Akauliza fundi gani. Nikamgusa sikio na wembe, kidogo tu, akaacha kuuliza.

Usijidai, lakini saluni imepoa tangu urudi mlimani. Binti yangu alipokuona umekunja mikono ya shati unaosha vyombo ambavyo wewe ni mgeni hukuvichafua peke yako, alinifuata uani akaninong'oneza, "Mama, huyu asirudi mlimani." Nikamwambia afunge mdomo. Moyoni nilikuwa nasema hivyohivyo. Nimekuandikia kwa sababu mimi si msichana, na mambo ya kuzungukazunguka yananichosha miguu.

Ile jioni tulipokaa kwenye kizingiti chako kipya tukasikiliza Lango Halina Kufuli mpaka betri ikachoka, uliniambia ndio wimbo unaoupenda kuliko zote. Nilikuwa naupenda kwa ajili ya gitaa. Sasa naupenda kwa ajili ya yule mwanaume anayerudi kutoka kazini mbali, akasukuma lango akitarajia limefungwa, likafunguka. Na yule mwanamke hasemi kitu. Anaongeza kiti mezani tu. Nimekuwa nauchezea wateja asubuhi na jioni, na nimewaambia anayelalamika aende kwenye makabati ng'ambo.

Kula vizuri. Msalimie mpishi.

Mama Wembe


Mlimani, tarehe 20 Juni

Mama Wembe,

Tangi limebakiza mfuniko. Mhandisi ameniita ofisini kwake, yaani kwenye kontena, akaniwekea mkataba mezani. Kuna daraja linajengwa mbali sana, upande wa pili wa nchi, kazi ya miaka miwili. Wanataka msimamizi wa waashi, na wanataka mimi. Sahihi inatakiwa kabla Julai haijaisha.

Ni kazi nzuri. Lakini sitaki kuichukua kabla sijakuuliza jambo.

Mimi si mtu wa kupiga magoti. Magoti yangu yaliliwa na zege zamani. Nakuomba tuoane. Nina mikono miwili, nina nyumba ndogo niliyoijenga mwenyewe na haina ufa, na sijawahi kukutana na mtu ninayetamani kumsikiliza kila siku mpaka nilipokaa kwenye kiti chako. Ukikubali, mkataba naurudisha, nashuka mjini, kazi za kujenga haziishi kwa mtu anayejua kusimamisha ukuta. Ukikataa nitakwenda darajani, na sitakulaumu hata kwa nukta.

Lakini nina ombi. Jibu usinipe kwa maneno. Nakujua, una moyo laini chini ya makelele yako, ukikataa utaniandikia kurasa nne za kunibembeleza na kila ukurasa utanikata. Nijibu kwa orodha ya Julai. Kama ni ndiyo, weka Lango Halina Kufuli mahali pa heshima. Kama ni hapana, mahali hapo weka Kwaheri ya Kituo cha Mafuta, ule wa orodha ya Mei. Usiandike kitu kingine. Nitaelewa.

Timazi


Saluni, tarehe 1 Julai

Timazi,

Umesema nisiandike kitu kingine. Nimeuma ulimi mpaka umevimba.

Lango Halina Kufuli
Kofia ya Baba Mkwe
Buti za Marehemu
Mbwa Kabaki, Mke Kaondoka
Barua Isiyo na Stempu
Farasi Kipofu
Kwaheri ya Kituo cha Mafuta

Mama Wembe


Mlimani, tarehe 12 Julai

Mama Wembe,

Orodha nimeipokea. Jibu nimeliona, na nakushukuru kwa kuwa mtu wa uwazi. Ulifanya kama nilivyoomba, bila neno la ziada.

Mwisho wa mwezi nitatia sahihi mkataba wa daraja. Kadi zako zote nitampa Breki akurudishie. Mlango ukianza kukwaruza tena, ni skrubu ya kati ya bawaba ya juu. Kaza kwa bisibisi nene, usitumie kisu.

Nakutakia heri katika kila jambo.

Timazi


Saluni, tarehe 18 Julai, asubuhi

Wewe mwanaume!

Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikampa binti yangu anisomee, labda macho yangu yameanza uzee. Imebaki ileile. Mwanaume gani anabisha hodi, anafunguliwa mlango, anaambiwa karibu, halafu anasema ahsante sana na kuondoka zake kwenda kujenga daraja?

Nilikupa jibu! Nilikupa bila neno la ziada, mimi, ninayemwongelesha hata mteja aliyelala! Wiki nzima nilitembea mjini kama mtu aliyeficha kuku chini ya gauni, nikisubiri Breki alete neno lako. Nilinunua kiti, Fundi. Cha mbao, cha nne, kwa ajili ya meza yangu, kwa sababu ya ule wimbo wako wa kipumbavu. Kipo hapa kinaniangalia.

Kama uliogopa, ungesema umeogopa. Mimi pia naogopa. Nina umri wa kuogopa. Lakini kuniandikia habari za skrubu! "Usitumie kisu!" Kisu ningekitumia vizuri sana leo.

Naumia, na sioni sababu ya kukuficha. Nilidhani wewe ni mtu ambaye akisema neno limesimama wima. Nimezitoa barua zako zote kwenye kopo, nizisome moja moja, nione uongo wako ulianzia wapi, halafu nikuandikie hapa mstari kwa mstari ili ujisome mwenyewe.

Haya. Ya Machi. Umesema nimempa mbwa heshima. Mbwa alikuwa mkiani kabisa. Nilidhani kejeli.

Ya Aprili. Umesema naanza na kilio napanda taratibu mpaka kwenye kicheko. Nimeitazama nakala yangu ya Aprili. Niliianza na Kofia ya Baba Mkwe, ambayo watu wanacheka mpaka wanajikata wenyewe, na kilio kilikuwa


Hiyo hiyo tarehe 18, jioni

Timazi,

Niliacha sentensi katikati. Samahani kwa doa, ni chai, binti yangu aliimwaga kwa kucheka.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa na barua yako mkono huu na orodha mkono ule, natazama huku, natazama kule, nikakumbuka jinsi unavyokaa kwenye kiti changu. Wateja wote wakitaka kuona orodha wanainua kidevu. Wewe macho yako yanatua pale chini, kwenye wimbo wa mwisho, karibu na chupa ya spiriti, ndipo yanaanza kupanda. Nilikuona hivyo Jumamosi zote nikadhani ni shingo.

Nikamwita binti. Nikamuuliza, "Mwashi akijenga ukuta anaanzia wapi?" Akaniangalia kama nimepatwa na homa. "Chini, mama. Anaanzia wapi kwingine?" Nikamuuliza, "Na mahali pa heshima ni wapi?" Akasema, "Kwa mwashi? Msingi. Msingi ukiwa mbovu, huko juu..." Hakumaliza. Alinyakua orodha ya Julai mkononi mwangu, akaisoma kutoka chini, akakaa sakafuni na kikombe chake.

Timazi. Wewe unasoma orodha kutoka chini!

Mimi ni kinyozi. Kichwa nakianzia utosini, nashuka. Kwangu cha juu ndicho cha kwanza, ndicho mfalme, na cha chini ni nywele zilizoanguka sakafuni zinazosubiri ufagio. Lango nimeliweka juu kabisa, kwenye utosi wa orodha, mahali ambapo sijawahi kuweka wimbo wa mtu mwingine tangu baba yangu afariki. Na Kwaheri ya Kituo cha Mafuta niliitia pale chini makusudi, niikanyage. Kumbe wewe umeichukua ukaijengea nyumba nzima juu yake!

Na mbwa! Miezi minne nimekuwa nikimtupa mbwa mkiani, na wewe unanishukuru kwa machozi kwamba nimemfanya msingi. Mungu anisamehe. Nitamrudisha hapohapo.

Sasa nakujibu kwa maneno, na ombi lako nimelivunja, uniwie radhi au usiniwie. Ndiyo. Ndiyo juu, ndiyo chini, ndiyo ukisoma kwa ubavu. Nataka kuolewa na wewe. Nataka usimamishe kuta zako hapa mjini na jioni uje ukae kwenye kiti nilichonunua.

Breki anaondoka alfajiri na barua hii. Nimemwambia akisimama popote kunywa soda nitamnyoa kipara bila sabuni. Na kama karatasi hii itachelewa ukawa umeshatia sahihi, andika tu daraja liko wapi. Nitafunga saluni wiki moja nije nikuchukue kwa mkono wangu, mbele ya mhandisi.

Mama Wembe


Mlimani, tarehe 21 Julai

Mama Wembe, mwenye utosi wangu,

Breki amefika akiwa anatweta utadhani alilisukuma lori kwa mikono. Alinikabidhi barua kabla hajazima injini.

Niliisoma nikiwa juu ya tangi. Nikashuka ngazi. Nikaisoma tena nikiwa chini, maana sasa sijiamini mahali pa kuanzia. Kisha nikampelekea mpishi. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye aproni, akasema, "Wazee wazima, mnashindwa kusoma nyimbo saba." Halafu akalia, naye alisema ni vitunguu, na siku hiyo hatukuwa na vitunguu.

Ni kweli. Kila kitu nakisoma kutoka chini. Bango, menyu, orodha ya vifaa. Niliyemfanyia kazi nikiwa kijana alinifundisha: tazama kwanza kinachobeba, kinachobebwa utakiona tu. Sikujua kama ni ajabu. Marehemu mke wangu alikuwa anafuma vikapu, naye kikapu huanzia kitako, kwa hiyo nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kunisahihisha.

Orodha yako ya Julai nilipoifungua, jicho langu lilitua pale linapotuaga, nikakuta Kwaheri. Sikupanda juu. Nilikunja karatasi. Lango sikuliona kabisa mpaka usiku wa pili, huko juu mbali, nikasema moyoni, amelipandisha darini, mahali mtu anapoweka vitu asivyotaka kuvitupa wala kuvitumia. Nilikaa tena kwenye ile ndoo.

Sasa sikia kuhusu mkataba, kwa sababu nisingependa udhani barua yako imenikuta nimeshaondoka moyoni. Mhandisi alinipa kalamu Jumatatu. Nikamuuliza swali moja tu: huko darajani, lori la Breki linafika? Akacheka. Akasema hakuna lori la hapa linalofika huko. Nikarudisha kalamu mezani. Nikamwambia anisubiri mpaka Agosti ianze. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kuna orodha ya nyimbo inatoka mwanzo wa mwezi na nataka kuiona kwanza.

Ulikuwa umenikataa, Mama Wembe, kwa ufahamu wangu wa siku ile. Kadi zako nilikwisha kuzifunga kwenye gazeti. Bado nilitaka kujua Agosti utampenda nani. Nilishindwa kuweka sahihi kwenye maisha ambayo karatasi yako haifiki. Mhandisi akasema nikachunguzwe malaria.

Leo nimemrudishia mkataba wake. Mfuniko wa tangi tunaumwagia zege wiki hii, halafu nashuka na Breki, mbele, kwenye kiti cha abiria. Hicho kiti cha nne, kiache kilipo. Kama kinayumba usikitilie karatasi chini ya mguu. Nitakuja kukipima.

Timazi


Saluni, tarehe 1 Agosti

Mwanangu,

Natumaini umefika chuoni salama, na kwamba umeacha kuwasimulia wenzako. Najua hujaacha.

Amefika. Breki alipiga honi kutoka kona ya hospitali mpaka mlangoni, mtaa mzima ukatoka nje, hata wale vijana wa makabati walizima muziki waone kuna nini. Fundi akashuka na begi lake na ndevu za miezi miwili, akasimama mbele ya watu wote. Nami, mama yako, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukosa la kusema, sikuwa na la kusema. Akausukuma mlango kwa kidole kimoja. Ukafunguka. Mwalimu mkuu akapiga makofi, sijui nani alimtuma.

Sasa hivi amekaa kitini, povu masikioni, ananiangalia kupitia kioo ninavyokuandikia. Anataka kuuliza kitu lakini wembe uko shavuni, atasubiri. Kile kiti cha mbao amekipima. Kinayumba kidogo, mguu wa nyuma. Amefurahi sana.

Mshenga atakuwa mjomba wako, na siku tutakuambia. Nimeshabandika orodha ya Agosti. Safari hii ni nyimbo nane, kwa sababu mmoja umeingia mara mbili, na binti wa watu, yaani mimi, asije akakosa kuolewa kwa ajili ya mpangilio. Huko katikati nyingine zigombane zenyewe. Mbwa nimemsogeza kidogo tu, yuko karibu na mlango, na mwenye mbwa ameridhia kwa kutikisa kichwa, nusura nimkate.

Isome utakavyo:

Lango Halina Kufuli
Kofia ya Baba Mkwe
Buti za Marehemu
Barua Isiyo na Stempu
Farasi Kipofu
Jumapili ya Watu Wawili (ni ule wa Mtu Mmoja, jina nimebadilisha, nani atanizuia)
Mbwa Kabaki, Mke Kaondoka
Lango Halina Kufuli